Kusahau si Kukataa

Katika ofisi za umma, na katika mikutano ya wanaharakati pia, kuna sentensi moja ambayo nimeisikia kuliko nyingine zote: “Hilo tulishalibadilisha, lakini limerudi lilivyokuwa.” Utaratibu mpya wa kupokea wagonjwa unaanza Januari, na kufikia Juni foleni ni ile ile. Daftari la mali za kijiji linafunguliwa kwa mbwembwe, na mwaka unaofuata hakuna anayejua liliko. Baada ya sentensi hiyo hufuata nyingine, ambayo husemwa kwa sauti ya uchovu: “Ni watu tu, hawataki mabadiliko.”

Makala haya yanahusu sentensi hiyo ya pili. Nitaichunguza kupitia kompyuta moja ya mezani iliyotusumbua hapa Tabora kwa miezi kadhaa. Mashine haina chama, haina kabila, wala haina mjomba wizarani. Kwa hiyo inatupa nafasi adimu ya kufikiri juu ya jambo hili bila kugombana.

Kompyuta yenyewe ni kuukuu. Moyo wake ni prosesa ya Intel Core i5-2500K, aina iliyoingia sokoni mwezi Januari 2011, na kasi iliyoandikwa na kiwanda ni gigahezi 3.3. Kasi hiyo hupatikana kwa kuzidisha: mapigo ya msingi ya megahezi 100, mara 33. Herufi K mwishoni mwa jina ina maana kwamba mtengenezaji hakukifunga kizidishio hicho. Mwenye mashine anaweza kuingia katika bayosi, yaani ule ukurasa wa mipangilio unaofunguka kabla ya Windows kuamka, akaandika 44 mahali pa 33, na prosesa ikaenda gigahezi 4.4. Wataalamu wa kompyuta huliona hili kuwa jambo la kawaida, mradi gharama yake ilipwe. Kasi ikipanda, mara nyingi volti nazo hulazimika kupanda, na joto huongezeka sambamba na kasi na sambamba na mraba wa volti. Anayetaka kasi ya ziada hana budi kutoa ubaridi wa ziada na umeme uliotulia.

Sisi tulikuwa na sababu ya kuitaka. Tulikuwa tukiunganisha mamia ya picha zilizopigwa na wanafunzi huko Kwihara, kwenye tembe alilokaa Livingstone, ili kupata umbo kamili la jengo likiwa ndani ya kompyuta kabla mvua na mchwa havijamaliza kazi yao. Kwa kasi ya kiwandani, ambapo prosesa hii hujiongeza yenyewe hadi gigahezi 3.4 viini vyote vinne vinapofanya kazi, fungu moja la picha lilichukua saa 13. Kwa gigahezi 4.4 lilichukua saa 10. Tofauti ya saa 3 kwa kila fungu ndiyo iliyoamua kama mwanafunzi angewasilisha tasnifu yake muhula ule au muhula uliofuata.

Aliyeiongeza kasi hiyo, kwa idhini ya kitengo, ni kijana mmoja mwenye stashahada ya teknolojia ya habari, aliyekuwa akijitolea katika chumba chetu cha kompyuta. Aliifanya kazi kwa uangalifu, akaijaribu mashine siku nzima, ikatulia. Asubuhi iliyofuata kizidishio kilikuwa kimerudi 33. Akaweka 44 tena. Kesho yake kikawa 33 tena. Jambo hili liliendelea kwa wiki mbili.

Hapo ndipo ile sentensi ya pili ilipoingia mlangoni. Ikasemwa kwamba kuna mtu anaichezea kompyuta usiku. Nani ana ufunguo? Ni yule yule kijana. Mmoja wa wakubwa akakumbusha kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Kijana akaandikiwa barua ya kujieleza ndani ya siku saba. Kwa mwajiriwa wa kudumu, barua ya namna hiyo ni usumbufu. Kwa anayejitolea, ambaye hana mkataba wala chama cha wafanyakazi cha kumsemea, ni barua ya kwaheri iliyoandikwa kwa heshima.

Niliombwa kukaa katika kamati ya watu watatu ya kulichunguza suala hilo. Kijana aliingia, akaamkia, akabaki amesimama hadi alipoambiwa aketi. Alipoulizwa ana nini cha kusema, hakujitetea kwa maneno mengi.

“Mwalimu, naomba tuitazame saa.”

“Saa gani?”

“Saa ya kompyuta yenyewe. Kila asubuhi inasema ni tarehe 1 Januari 2011.”

Tukaenda, tukaitazama. Ilikuwa kweli. Kompyuta ile haikuwa imeunganishwa na mtandao, ambao ungeisahihisha saa kimya kimya, na kila faili lililohifadhiwa asubuhi lilibeba tarehe ya Januari 2011. Wiki mbili nzima watu walikuwa wakihesabu funguo za mlango, na hakuna aliyeisoma saa iliyokuwa pembeni mwa kioo.

Maana ya saa hiyo ni hii. Katika ubao mkuu wa kompyuta kuna betri ndogo ya duara, inayofanana na sarafu, iitwayo CR2032: kipenyo cha milimita 20, unene wa milimita 3.2, volti 3. Kazi yake ni kuilinda kumbukumbu wakati umeme haupo. Katika mashine za umri ule, kumbukumbu hiyo hubeba saa pamoja na mipangilio. Swichi ya ukutani ikiwa imewashwa, ubao hupata umeme kidogo hata kama kompyuta imezimwa, na betri hupumzika. Swichi ikizimwa, betri hubaki peke yake. Nasi tulikuwa na mlinzi mwadilifu, aliyezima swichi zote za ukutani kila jioni kwa kuhofia radi na kwa kuionea huruma Luku.

Kijana akapendekeza jaribio. Usiku wa kwanza swichi iachwe imewashwa: asubuhi kizidishio kilikuwa 44 na saa ilikuwa sahihi. Usiku wa pili izimwe: asubuhi kilikuwa 33 na tulikuwa tena mwaka 2011. Maltimita ilipowekwa kwenye betri ilisoma volti 2.1, wakati betri mpya husoma zaidi kidogo ya 3. Tukanunua mpya mjini kwa pesa isiyofika bei ya chakula cha mchana. Barua ya kujieleza ikafutwa. Mashine haikuwa imehujumiwa na mtu yeyote. Ilikuwa imesahau.

Laiti hadithi ingeishia hapo, ningekuwa na somo jepesi la kuwapa. Lakini mwezi Oktoba, ambao kwa Tabora ni kilele cha joto kabla ya mvua, kizidishio kikaanza kurudi tena. Si kila siku, ila siku mbili au tatu kwa wiki. Waliokuwa wamenyamaza wakapata sauti: “Betri ni mpya. Sasa mtasemaje?” Na waliokuwa upande wa kijana nao wakakimbilia dawa waliyoizoea, wakasema inunuliwe betri nyingine.

Safari hii saa ilikuwa sahihi hadi dakika, na hiyo ndiyo iliyokuwa tofauti kubwa. Mashine iliyosahau hupoteza kila kitu pamoja, saa na mipangilio. Hii ilikuwa ikikumbuka vizuri leo ni tarehe ngapi, ikikumbuka pia kwamba iliamriwa kwenda kwa 44, ila haikuifuata amri hiyo. Tulipouliza nani huiwasha asubuhi, dada wa masjala akajibu bila kuficha: “Huwa inaandika maneno ya Kiingereza, inasema nibonyeze F1. Nabonyeza, inaendelea.” Maneno hayo yalikuwa yakisema kwamba jaribio la kuongeza kasi limeshindikana, na kwamba mipangilio salama imepakiwa. Mashine ilikuwa imeandika taarifa yake kila mara. Taarifa ilimfikia mtu ambaye hakuwahi kuelezwa maana yake, naye alifanya alichofundishwa: bonyeza, endelea.

Bao nyingi zimejengewa busara hiyo. Zikijaribu kuamka kwa kasi iliyoagizwa zikashindwa, hurudi kwenye kiwango cha kiwandani ili angalau ziamke. Tukafungua boksi. Vumbi lilikuwa limeziba mapezi ya kipoozeo, na lami ile ya kupitisha joto kati ya prosesa na kipoozeo ilikuwa imekauka kama tope la kiangazi. Umeme nao ulikuwa ukiyumba nyakati za asubuhi, na ukikatika sekunde moja wakati kompyuta inaamka, ubao huhesabu kwamba kasi ndiyo iliyoiangusha. Tulisafisha vumbi, tukapaka lami mpya, tukaweka kifaa cha kuhifadhi umeme, na tukashusha kizidishio kutoka 44 hadi 40. Fungu la picha sasa linachukua saa 11. Tangu siku hiyo halijarudi kwenye 13.

Dalili ilikuwa moja mara zote mbili: asubuhi unakuta 33. Lakini mara ya kwanza mashine ilisahau, na mara ya pili ilikataa. Aliyesahau anahitaji kumbukumbu. Anayekataa anahitaji kusikilizwa, kupunguziwa mzigo au kupewa ubaridi. Ukimpa anayekataa betri mpya, atakataa akiwa na kumbukumbu nzuri zaidi. Ukimpunguzia mzigo aliyesahau, kesho atausahau hata huo mdogo. Na mtu anayemwandikia barua ya kujieleza yeyote kati yao hajatibu chochote.

Msomaji wa Tabora hapaswi kushangaa kwamba suala la kasi limezuka hapa, kwani mji huu umekulia katika suala hilo. Unyanyembe ilikuwa njia panda ya misafara: mashariki Bagamoyo, magharibi Ujiji, kaskazini Karagwe na Buganda. Burton na Speke waliondoka pwani Juni 1857, wakafika hapa Novemba. Stanley aliondoka Bagamoyo Machi 1871, akafika Juni, kwa takriban miezi mitatu. Vitabu huwasifu viongozi hao wa safari kwa mwendo wao. Lakini mwendo ulikuwa miguuni na mabegani mwa wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, ambao kila mmoja alibeba karibu frasila mbili, yaani kilo 30 na ushee, mbali na mkeka, sufuria na silaha yake mwenyewe.

Wazungu wengi walipoona wapagazi wamelaza mizigo chini na kugoma, au wametoroka usiku, waliandika neno moja: uvivu. Mwanahistoria Stephen Rockel, katika kitabu chake Carriers of Culture cha mwaka 2006, ameonyesha kwamba wapagazi hao walikuwa wafanyakazi wenye ustadi, waliopatana ujira, wenye desturi zao kuhusu uzito wa mzigo, posho na mwendo wa siku. Kulaza mzigo chini ilikuwa ni lugha. Mwenye msafara aliyeijua lugha hiyo alifika. Asiyeijua alibaki porini na marobota yake ya kitambaa.

Wala si kweli kwamba wapagazi hawakuijua kasi ya ziada. Walikuwa na neno lake, na wasafiri wa karne ya 19 waliliandika: tirikeza. Kwa kawaida msafara ulitembea alfajiri hadi jua lilipokuwa kali, ukapiga kambi penye maji. Lakini kulikuwa na sehemu kama Mgunda Mkali, ile nyika kati ya Ugogo na Unyamwezi, ambako maji yalikuwa mbali kuliko mwendo wa asubuhi moja. Hapo watu walipika na kunywa mapema, wakajaza vibuyu, wakaondoka adhuhuri, wakatembea hadi jioni, wakalala pakavu, na alfajiri wakakamilisha safari hadi kwenye maji. Huo ulikuwa mwendo wa kupita kiwango, wa makusudi, wenye sababu inayojulikana na kila mbebaji, na wenye mwisho: yale maji ya mbele. Watu husema haraka haraka haina baraka. Tirikeza inatufundisha kwamba haraka ina mahali pake, ilimradi anayekimbizwa anajua maji yako wapi.

Tazameni sasa kilichotokea jirani, Urambo, katika nchi ya Mtemi Mirambo. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Uingereza ilikuwa na njaa ya mafuta ya kula, ikaamua kulima karanga Tanganyika kwa kasi ambayo haikuwahi kuonekana: mamilioni ya ekari, Kongwa, Urambo na Nachingwea. Kazi ilianza 1947. Matrekta yalikuja, mengine yakiwa mabaki ya vita. Mwezi Januari 1951 mpango ukatangazwa kufutwa, pauni zaidi ya milioni 35 zikiwa zimeteketea. Ardhi ilikuwa imekwishaandika taarifa yake. Udongo wa Kongwa ulipokauka uligeuka sakafu, na mvua haikufuata kalenda ya London. Lakini kila taarifa ilipofika mezani, mtu alibonyeza F1, kazi ikaendelea.

Tusiwacheke Waingereza peke yao. Mwaka 1972, kwa nia njema ya kuharakisha maendeleo, Serikali yetu ilileta Madaraka Mikoani na kuzivunja serikali za mitaa. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika navyo vikavunjwa, na mkulima wa tumbaku wa Tabora akajikuta anauza kwa mamlaka ya zao iliyo mbali naye. Mwaka 1982 sheria zikapitishwa za kuvirudisha vyote viwili, serikali za mitaa na ushirika. Kwa miaka kumi nchi ilikuwa imeandikiwa 44, kisha ikarudi 33. Je, wananchi walisahau maagizo? Hapana. Maagizo yalikumbukwa na kila mtendaji. Ule ulikuwa ukataaji wa mfumo uliopewa kasi bila ubaridi. Na mwaka 1984 Mwalimu Nyerere alitamka hadharani kwamba, kama angeanza upya, mambo mawili asingeyafanya: kuvunja serikali za mitaa na kuvunja ushirika. Hakusema watu hawakutaka mabadiliko. Alikubali kuisoma taarifa ya mashine.

Kuna upande wa pili, wa kusahau, ambao hauna mashujaa wala kashfa, na kwa sababu hiyo unatugharimu zaidi. Ofisa anahamishwa kutoka wilaya moja kwenda nyingine, na utaratibu alioujenga kwa miaka mitatu unaondoka naye, kwa sababu ulikuwa kichwani mwake na kwenye kompyuta mpakato yake. Katibu wa kikundi cha vijana anaolewa Mwanza, na orodha ya wanachama inaondoka na simu yake. Anayemfuata anaanza tarehe 1 Januari. Hapa hakuna mkaidi wala mhujumu. Hakuna tu betri: makabidhiano yaliyoandikwa, faili lenye nambari, mtu wa pili anayejua. Ni vitu vya bei ndogo sana, na pengine ndiyo maana havimo katika bajeti, kwa kuwa hakuna mgeni rasmi atakayealikwa kuvizindua.

Kwa hiyo, kwa wanafunzi wangu watakaoingia utumishi, na kwa walio ndani yake tayari, napendekeza utaratibu wa fundi. Jambo likirudi lilivyokuwa, uliza kwanza: kimerudi hicho tu, au na vingine pamoja nacho? Vikirudi vyote, saa ikiwemo, hapo kuna usahaulifu, na tiba yake ni kumbukumbu. Kikirudi hicho kimoja huku mengine yote yakikumbukwa, hapo kuna ukataaji, na tiba yake ni kuuliza mzigo una kilo ngapi na maji yako wapi. Halafu uliza nani anayeiwasha mashine asubuhi, yaani nani anayeona taarifa ya kwanza, na kama amewahi kuelezwa maana yake. Mtu huyo kwa kawaida ni karani, muuguzi wa zahanati, mwalimu wa darasa la kwanza, mtendaji wa kijiji. Jaribu kitu kimoja kwa wakati mmoja. Kumtafuta mkosaji kuje mwisho, ikiwa kutahitajika.

Nimebakiwa na jambo moja, nalo ndilo linaloniuma. Kijana aliyetuonyesha saa bado anajitolea. Ni mwaka wa pili sasa. Hana mshahara, ana nauli tu, na si kila mwezi. Taasisi nyingi za umma leo zinakwenda kwa 44 kwa sababu ya vijana kama yeye, katika shule, zahanati na masjala, nazo zikitoa takwimu za ufanisi huzitoa kana kwamba kasi hiyo ni ya kiwandani. Mpagazi wa mwaka 1871 alikuwa na ujira aliopatana, posho ya njiani, na haki ya kulaza mzigo chini ikikiukwa. Huyu wetu hana hata kimoja kati ya hivyo. Siku akiondoka, na ataondoka, chumba kile kitarudi kwenye 33, na naogopa kwamba katika kikao kitakachofuata mtu atasema, kwa sauti ya uchovu, kwamba vijana wa siku hizi hawana uvumilivu.